Behewa Nililoliacha Sanyuanli

Vijana wa mizigo, mnaokuja ofisini kwa binti yangu hapa mtaa wa Sanyuanli kunywa chai ya bure na kunichokoza kwa maswali, leo nawajibu lile mnalolipenda kuliko yote: ilikuwaje mwanamke wa Tanga, asiyejua hata kuendesha baiskeli, akawa bingwa wa reli. Maana nasikia huko Mwanza nikitajwa naitwa Mama Reli. Huku China, hapa Guangzhou, mnaniita Mama Sibiemu, na hilo ndilo jina langu halali, nimelitolea jasho.

Basi pokeeni historia kamili ya reli za kamba za vilima vya Mwanza, kwa kadiri ninavyoijua. Ziko tatu. Hata ukiziunganisha zote hazikufikishi mbali. Ungekuwa na haraka ungetembea. Zote zilipita mikononi mwangu zikiwa zimefunguliwa vipande vipande, zimechomekwa katikati ya viatu na mabeseni. Mwanahistoria wake ni mimi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitokeza kugombea nafasi hiyo. Na ile ya kwanza, iliyonipa sifa, ndiyo niliyoivuruga kwa akili zangu mwenyewe.

Kwa asiyejua, reli ya kamba ni reli inayolala juu ya mteremko mkali. Behewa halina injini. Linavutwa na kamba ya chuma inayozungushwa na mashine iliyoko juu kilimani. Nchi zenye vilima zinazo kubwa, zinabeba watu kama basi. Zetu zilikuwa ndogo, behewa moja linachukua mtu na kikapu chake, au watu wawili wanaopatana.

Ila kabla ya reli lazima mjue kazi yangu ilikuwa nini, maana kosa lilitokana na kazi. Mimi sikuwa mfanyabiashara, ingawa nilivaa kama mmoja wao. Nilikuwa mfungashaji. Watu wa Dar, Zanzibar, Mombasa na Nairobi walinunua vitu kwenye masoko ya Zhanxi na Kangle, wakaniletea godauni, nami nikavipanga kwenye kontena moja la watu wengi, yaani kichele. Kila mtu analipia nafasi anayokula mzigo wake, na nafasi hiyo hupimwa kwa mita za ujazo, ndizo hizo sibiemu. Kwa hiyo adui yangu maishani hakuwa mwizi wala forodha. Alikuwa hewa.

Hewa niliichukia jamani. Nilikuwa nikiona katoni ya viatu, sioni viatu, naona ule uwazi kwenye kidole gumba. Viatu navitoa kwenye maboksi, maboksi nayalaza bapa, soksi naziingiza ndani ya viatu, viatu ndani ya ndoo, ndoo ndani ya ndoo kubwa. Birika haikuondoka kwangu bila kujazwa vibanio vya nguo. Wapakiaji wangu walisema siku moja nitamkunja dereva nimtie kwenye kabati. Walikuwa wanatania, lakini kuna dereva mmoja mfupi niliyekuwa namtazama sana.

Ubingwa huo ulinitokea puani mara nyingi tu. Kuna magodoro niliyoyanyonya hewa kwa mashine yakawa membamba kama chapati, nikayabana nyuma ya kontena, nikajisifu mpaka usiku. Njiani mifuko ikatoboka, godoro moja baada ya jingine likavuta pumzi. Kontena lilipofunguliwa Dar, magodoro yalitoka yenyewe kabla hayajaitwa, yakamkumbatia ofisa wa forodha wa watu. Mwenye mzigo alinipigia simu, hakunisalimu, akaniuliza tu kama nina watoto. Nikasema ninao. Akasema, "Basi nitakusamehe kwa ajili yao."

Nyinyi siku hizi mnaelekeza simu kwenye boksi, simu inawatajia ukubwa wake. Vizuri. Mimi nilipima kwa futi ya fundi cherehani na kwa kidevu, yaani boksi likisimama linanifika wapi, na nilikosea kidogo sana. Lakini simu haitawaambia boksi limebeba nini, kwa hiyo litikiseni kwanza. Likilia, limefungwa ovyo. Lisipolia, ama limefungwa vizuri ama limejaa kitu ambacho hukukiagiza. Vizito viwe chini na viwe karibu na katikati, vinavyonuka vikae mbali na vinavyoliwa. Na mkiona kitu hakionekani kuwa na kazi yoyote, msikitoe mpaka mmeuliza mara mbili. Hili la mwisho nililijua kwa kuchelewa, na sasa mtasikia.

Kulikuwa na mteja wangu anaitwa Masanja, Msukuma wa Mwanza, mnunuzi wa viatu. Mrefu, mpole, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Zhanxi kule, kwenye mikokoteni na makelele, nilikuwa namwona kichwa chake kikielea juu ya watu, amesimama kumpisha kila mmoja. Mchana mmoja akaja ofisini kwangu, akakataa kiti, akakataa chai. Nikajua kuna msiba.

"Hakuna aliyekufa, Mama," akasema. "Tazama hii."

Ilikuwa video ya mama yake, Bibi Kabula. Nyumba yake iko juu kabisa kwenye mawe ya Bugarika, huko ambako hakuna gari wala pikipiki inayofika, ni njia ya miguu tu baina ya majabali. Aliijenga mwenyewe kwa kuuza dagaa, chumba baada ya chumba, kila mfuko wa saruji ukipandishwa kichwani. Sasa magoti yamekwisha. Kwenye video kijana wa bodaboda alikuwa amembeba mgongoni, anamshusha kwenda kliniki, naye bibi amejifunika uso kwa kanga.

"Anajifunika ili wasimjue," Masanja akasema. "Mlima mzima unamjua, Mama. Lakini anajifunika."

Akanieleza lililobaki. Ndugu zake walikuwa wamekaa kikao na kuamua mama ashushwe akaishi Buzuruga, kwenye tambarare, kwa kaka yao mkubwa. Mke wa kaka huyo ni Mama Neema, na Mama Neema na Bibi Kabula walikuwa wanasalimiana kwa sababu ya dini tu. Ugomvi wao ulianza kwenye sherehe moja, Mama Neema aliposema mbele za watu kwamba nyumba ya mkwewe inafaa mbuzi. Bibi alikuwa amesema akihamishwa atakwenda, atakaa alipowekwa, na hatakula. Masanja akaomba apewe nafasi ya kutafuta njia. Wakampa mpaka Krismasi.

"Guangzhou kuna kila kitu," akaniambia. "Nitafutie kitu cha kumpandisha na kumshusha mama yangu bila kubebwa. Nakuomba sana."

Aliponiomba hivyo nilijisikia mkubwa, wanangu. Na mtu akijisikia mkubwa ndipo anapokuwa hatari.

Nikauliza huku na huku, mwisho nikaelekezwa kwa Laoban Liu. Laoban ndiyo bosi, kila mwenye duka hapa ni laoban, hata mwenye duka la upana wa mlango. Huyu alikuwa na karakana yake nje huko, ng'ambo ya mlima Baiyun, anawatengenezea wakulima wa machungwa reli za kushushia matunda, na matajiri za kupandia kwenye majumba yao ya mlimani. Kwao ni Chongqing, mji wa vilima vitupu, na alipoona nimemletea biashara ya kilima alifurahi kama nimemletea barua ya nyumbani.

Tukakaa, chai ikamiminwa. Kichina changu ni cha sokoni, Kiswahili chake hakipo, kwa hiyo tulizungumza kwa simu, kwa vidole na kwa kuchorachora. Akanisimulia kwamba zamani mji wao ulikuwa na reli za kamba nyingi, kutoka mtoni kupanda mpaka madukani. Alipokuwa mtoto, mama yake alipanda nazo na mizega ya mboga na bata wakipiga kelele. Kisha zikaja barabara, madaraja, ngazi za umeme, na reli zikang'olewa moja moja. Watu walishangilia barabara, akasema, na yeye alishangilia pia. Ila wazee waliokuwa wakikutana humo kila asubuhi hawakukutana tena. Mimi nilitikisa kichwa kwa heshima, huku macho yangu yakipima jinsi vikombe vyake vya chai vinavyoingiana.

Halafu akanionyesha jinsi reli ya kamba inavyofanya kazi. Akachukua uzi, akaupitisha juu ya mgongo wa kiti, akafunga kikombe huku na kikombe huku. Akashusha kimoja, kingine kikapanda. Akakigusa kwa ncha ya kidole, vikabadilishana. Hakuna nguvu, ni kidole tu. "Mabehewa mawili," akasema kwa simu yake. "Moja likishuka linalivuta jingine. Umeme ukikatika, mtu mmoja anazungusha kwa mkono." Katikati ya njia reli hupanuka, zikawa mbili kwa kipande kifupi, hapo mabehewa hupishana. Yaani kila mtu angeelewa. Hata vile vikombe vilielewa.

Mimi nilichoelewa ni kwamba natakiwa kusafirisha behewa zima ambalo halina mtu.

"Laoban," nikamwambia, nikainua kidole. "Bibi ni mmoja. Behewa moja."

"Bu xing," akasema. Maana yake haiwezekani.

Sasa hapa ndipo penyewe, sikilizeni vizuri. Mimi nilikuwa nimeishi mji huu miaka mingi, na neno hilo nilikuwa nalisikia tangu kabla ya kifungua kinywa mpaka baada ya chakula cha jioni. Zhanxi ukitaja bei, bu xing. Kangle ukiomba rangi nyingine, bu xing. Unageuza mgongo, unatembea hatua chache, unaitwa: "Pengyou! Rafiki! Rudi!" Kwetu sisi wa sokoni hapana ni mlango wa kuingilia, ndipo mazungumzo yanapoanza. Haikunipitia kichwani kwamba fundi naye akisema haiwezekani, huenda haiwezekani.

Nikageuza mgongo. Nikatembea hatua zangu chache. Hakuniita. Nikajua huyu ni mgumu, nikarudi mwenyewe na kuanza upya. Nilimpigia kelele, nikacheka, nikanuna, nikasifu chai yake, nikamwambia wapo mafundi wengine. Masanja alikuwa pembeni anaomba radhi kwa niaba yetu sote. Mwisho Laoban Liu alichoka. Akasema ataweka mashine kubwa zaidi na breki ya kushika reli, kwa hiyo hatari ya kuanguka hakuna kabisa. "Lakini umeme ukikatika mtakwama," akasema, tena akasema mara ya pili, akarudia kwa simu. Nikamwambia Masanja kwa sauti ya chini, "Umeona? Hawa wakishindwa bei wanatisha watu."

"Mama, una hakika?" akaniuliza.

"Lile behewa la pili ni hewa," nikamjibu. "Hewa nitaijua mimi au yeye?"

Akaniamini, kwa sababu kwenye mambo ya nafasi sikuwahi kumdanganya.

Nilitoka pale natembea kwa maringo kama bi harusi. Behewa la pili, ambalo Laoban Liu alilitengeneza hata hivyo, likaja Sanyuanli kukaa kwenye kona ya godauni langu, mpaka siku ambayo kontena lingekuwa na nafasi ya kuchezea. Wapakiaji wakaligeuza kitanda cha kulalia mchana. Pale lilipotakiwa kukaa ndani ya kontena nilijaza kandambili za watoto, na nilijisikia nimeokoa taifa. Vitu vingine vyote vilikwenda. Reli zilizopinda za mahali pa kupishania nusura nizikatae, ila zilikaa vizuri juu ya mabeseni nikazipa ruhusa. Na kamba ya pili iliingia ndani ya tairi la trekta la mtu, ikatoshea kama pete, nikasema haya, na iende. Mungu alikuwa ananisaidia na mimi sijui.

Fundi wa Mwanza akafunga kila kitu kwa kufuata michoro ya Laoban Liu, akaniuliza kwenye simu mahali pa behewa la pili aweke nini. Nikamwambia paka rangi.

Jumapili ya kwanza Bibi Kabula alishuka kanisani ameketi wima, uso wazi, kanga begani. Masanja alikuja mbio kunionyesha video. Jumapili ya pili hivyo hivyo. Wiki ile nilipokea salamu nyingi, nami nikaanza kuongea kama mhandisi. Mtu akiuliza bei ya kusafirisha jokofu, namweleza kwanza habari za mteremko.

Jumapili ya tatu, bibi akiwa anarudi kutoka kanisani, umeme ukakatika akiwa katikati ya kilima.

Breki ilishika, hakuanguka, hakuumia. Lakini hakupanda na hakushuka. Mpini wa mkono ulikuwepo, wakaushika wanaume watatu wenye misuli, wakaishia kuangaliana, maana walikuwa wanavuta behewa na bibi bila kitu chochote upande wa pili cha kuwasaidia, na kulilegeza lishuke waliogopa litawaponyoka. Kumshusha kwa kumbeba haikuwezekana, pale ndipo majabali yalipo makali kuliko kote. Basi akakaa. Jirani mmoja akapanda kumpa mwavuli, mwingine akaleta uji. Wanakwaya walipopata habari wakaja na sare zao, wakamwimbia kutoka chini. Watoto walikaa juu ya mawe kama ni uwanjani, na bibi alikuwa akiwatishia kwa fimbo ambayo haikuwafikia. Umeme ulirudi jua likiwa linazama.

Mama Neema alikuwepo. Masanja alisema hakupiga kelele wala hakucheka, alisema tu, "Si nilisema." Kikao kikaitishwa upya, na safari hii hata wale waliokuwa upande wa bibi walinyamaza. Hawakungoja Krismasi. Wakakodi lori la kuhamisha vyombo, lije Jumamosi ya wiki ya pili yake. Na Bibi Kabula akaanza kugawa kuku wake kwa majirani.

Masanja alikuja ofisini, safari hii akakaa. Hakugomba. Ningefurahi kama angegomba, kwa kugombana najua pa kushika.

"Ulisema ni hewa, Mama," akasema.

Niliona aibu mpaka masikio yakachemka. Si aibu ya magodoro, ile huwa tunacheka. Hii ilikuwa aibu ya kumwona mama wa mtu anahamishwa kwenye nyumba yake kwa ajili ya kandambili.

Meli inachukua zaidi ya mwezi, na behewa zima kwa ndege ni ndoto. Nikapanda tena kwenda kwa Laoban Liu, safari hii sikugeuza mgongo, nilikaa nimeinamisha kichwa kama mwanafunzi. Akanimiminia chai. Hakunisuta hata kidogo, nikaumia zaidi. Akafikiri, akaandika kwenye simu: behewa si lazima. Kinachotakiwa ni kigari chochote chenye uzito, kwenye kamba ya pili. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama huko kwetu mawe yanapatikana.

Mwanza, jamani. Mji ambao mawe ndiyo wenye nyumba na watu ni wapangaji wao. Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani, na Masanja naye akacheka, mara ya kwanza tangu Jumapili ile.

Kigari kingechongwa kwa mbao hukohuko, ila magurudumu hayakuwa ya kuchonga ovyo. Ya upande mmoja yana mfereji unaoikumbatia reli, ya upande wa pili ni bapa, na hiyo ndiyo siri ya kupishana pale katikati bila kugongana. Tukayafungua kwenye behewa lililokuwa godauni, wapakiaji wakilia kwamba nawavunjia kitanda. Magurudumu manne, kila moja zito kama mtoto anayeanza kutembea.

Nyinyi mnajua desturi yetu. Mtu akienda nyumbani hapakii begi lake peke yake, kila mtu anampa kitu: dawa ya shangazi, simu ya mdogo wake, viatu vya harusi. Mnajua pia kwamba mtu mmoja tu mji huu alikuwa hapokei mizigo ya watu na wala haombi, akidai kilo ni kilo. Mtu huyo ni mimi. Ijumaa nikaenda kusimama nje ya msikiti watu wanapotoka, nikaanza kuuliza nani anasafiri.

"Subhanallah!" akasema mama mmoja wa Zanzibar, mnunuzi wa magauni ya harusi. "Leo Mama Sibiemu anaomba kilo!"

Wakakusanyika kunitazama. Walinicheka vya kutosha, wakaniambia nipime kwa kidevu, wakaniuliza kama gurudumu halina hewa ndani. Nikavumilia, nilistahili. Kisha yule mama akatoa magauni mawili kwenye begi lake, akachukua magurudumu mawili, akayafunga kwa shela. La tatu likachukuliwa na kijana wa Kariakoo. La nne alilibeba Mkenya mmoja niliyemfuata hotelini kwake, aliyekuwa anaondoka kesho yake kwenda Nairobi.

"Mathe, hii ni wheel ama ni adhabu?" akaniuliza akilinyanyua.

"Ya mama wa rafiki yangu," nikasema. "Akakae kwake."

"Sawa mathe, leta. Nitaitupa kwa basi ya Mwanza, ifike poa."

Yote yalifika. La Mkenya lilifika la kwanza, na Masanja aliniambia lilikuwa limefungwa kwenye taulo la hoteli.

Niwaambie kabla sijamaliza kwamba behewa lenyewe lilifuata kwa meli baadaye, likapata magurudumu mapya. Na waliokuja kuagiza reli ya pili na ya tatu, mwenye nyumba ya wageni na mzee mmoja mstaafu mwenzangu, wote nilipowauliza wanataka mabehewa mangapi walinitazama kwa wasiwasi, wakasema mawili, Mama, tafadhali. Mimi mwenyewe nimestaafu bila kupanda hata moja. Lakini Jumamosi ile sijaisahau.

Tulikuwa godauni, mchana wetu ukielekea jioni, huko kwao ikiwa asubuhi. Mimi, Masanja na wapakiaji tumezunguka simu moja iliyosimamishwa juu ya katoni. Fundi alikuwa amemaliza kigari usiku wa kuamkia siku hiyo. Lori lilikuwa chini limefunguliwa bodi yake, kaka mkubwa amesimama kando yake na vijana wa kubeba. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, na fundi akasema ni afadhali, wote waone kwa macho yao. Bibi Kabula akaingia kwenye behewa huko juu, amevaa gauni lake la kanisani. Alisema anashuka mwenyewe kwenda kuzungumza na mwanawe.

Kigari kilikuwa chini, kimejaa magunia ya mawe. Mama Neema alikuwa hapo pia, ndiye wa kupanda kwenda kufunga vyombo. Ni mwanamke mwenye mwili wake, na kilima kile humpumzisha njiani mara nyingi. Akayatazama majabali, akakitazama kigari.

"Toeni hayo mawe," akamwambia fundi. "Nikae mimi."

Fundi akatoa magunia, akaacha mawili matatu, akakadiria kwa jicho. Mama Neema akaketi juu ya ubao, amekumbatia mkoba. Huko juu kijana mmoja akashika mpini, peke yake, akazungusha kama anayesaga kahawa. Bibi akaanza kushuka. Mama Neema akaanza kupanda. Wapakiaji wangu walipiga makofi, mimi nikawanyamazisha, maana nilikuwa naona wanaelekea kukutana.

Walifika pale katikati, reli zinapopanuka, goti kwa goti. Bibi Kabula akainua fimbo.

"Simamisha!"

Vikasimama. Aliyeshika simu alikuwa mjukuu aliyekaa juu ya jabali jirani, tukasikia kila neno. Hawakuwa na pa kwenda, hakuna ambaye angeweza kuondoka bila mwenzake.

"Shikamoo, mama," akasema Mama Neema.

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Nakuja kukusanya vyombo vyako, mama."

Bibi akatazama chini kwenye lori, akamtazama tena mkwewe, jasho lile, mkoba ule.

"Nenda," akasema. "Chai ipo kwenye chupa, na maandazi nimeyafunika. Mimi nakwenda kumwambia mumeo arudishe lori la watu."

Huko juu kijana akalegeza breki, akashika mpini, wakaanza kuachana polepole. Masanja alikuwa analia waziwazi pembeni yangu, na mimi sikuwa na haki ya kumcheka, maana nilikuwa nafuta macho kwa lebo ya katoni. Ndipo bibi akageuka kwenye kiti chake, akaita kwa nguvu huku anashuka:

"Mama Neema! Ukimaliza kunywa usishuke kwa miguu! Ukishuka kwa miguu, mimi nitapandaje?"

Sauti ikatoka huko juu, nyembamba, ya mtu ambaye hakutegemea kuulizwa.

"Sishuki, mama. Nakusubiri."